Iba, Usitunge: Mwongozo wa Fundi Mvivu wa Wi-Fi ya Ploti

Sogea hapa, fundi, nikuonyeshe njia ya mkato. Umepewa kazi ya Wi-Fi kwenye ploti ya ghorofa saba pale Umoja. Landlodi anataka vocha: bob kumi kwa saa, bob hamsini kwa siku. Keateka atakuwa akiziuza pale dirishani kwake, penye daftari la maji na funguo za wapangaji. Kazi yako ni kutengeneza namba ambazo hakuna mpangaji atakayezikisia, hata yule kijana wa ghorofa ya nne anayeshinda ndani na laptopu.

Namba hizo unaweza kuzitunga mwenyewe, au unaweza kuziiba. Mimi nakuambia uibe. Nitakuonyesha pa kuiba, wakati wa kuiba, na kosa moja linalowakamatisha wezi wengi.

Hatua ya 1. Jipime kwanza, halafu ujiweke kando

Chukua kalamu. Andika vocha kumi za tarakimu nne, harakaharaka, bila kufikiri. Sasa zihesabie kitu kimoja: ni ngapi zenye tarakimu pacha zinazokaa jirani, kama 4482 au 9330? Kura ikipigwa kwa haki, katika kila vocha kumi za aina hiyo, mbili au tatu hivi huwa na pacha. Ukiona zako zina moja, au hazina kabisa, shuku kwamba mkono wako umezikwepa. Uliona pacha hazina sura ya bahati, ukazikataa bila kujua kwamba unakataa.

Usione haya, sote tuko hivyo. Kila mtu wa Eastlands anaamini yeye hasomeki, na papo hapo PIN yake ni mwaka wa kuzaliwa mtoto wake wa kwanza. Tarakimu nne zinatoa nafasi 10,000. Miaka ambayo mtu angeweza kuzaliwa na bado awe hai leo haifiki hata 130. Mwizi anayekufahamu haanzi na 0000, anaanza na wewe.

Basi akili yako iweke mfukoni. Ni nzuri kwa kupanga nyaya na kwa kubembeleza landlodi alipe salio, lakini kwa kura haifai.

Hatua ya 2. Saa nayo iache

Ukishajitoa mwenyewe, utatamani kukimbilia saa ya mashine. Njia ni nyepesi: unaichukua saa, unaipa fomula, fomula inakutapikia vocha mia tano. Ile namba ya kuanzia inaitwa mbegu. Mbegu ileile hutoa mavuno yaleyale, namba kwa namba, kwa mpangilio uleule. Hapo ndipo pana shida.

Niliitwa ploti moja Kayole, keateka akilalamika kwamba vocha zinatumika kabla hajaziuza. Nilikaa na ile ruta jioni nzima. Ilikuwa ruta ndogo isiyo na betri ya saa. Ikizimika inasahau tarehe, na ikiwaka inadhani ni Januari 1, 1970, mpaka intaneti ishike ndipo irekebishwe. Programu ya vocha ilikuwa imepangwa ianze mara tu ruta inapowaka, na mbegu yake ilikuwa saa. Kwa hiyo kila stima ilipopotea na kurudi, ruta iliamka kwenye sekunde ileile ya mwaka 1970, ikapanda mbegu ileile, ikatoa vocha zilezile.

Kijana mmoja wa hapo alikuwa na daftari la mistari, la kurasa 48. Kurasa tatu alikuwa amezijaza namba kwa kalamu ya bluu, na juu ya kila orodha ameandika siku ambayo stima ilipotea. Nililishika lile daftari, nikapitisha kidole kwenye orodha ya kwanza na ya pili kwa pamoja. Hazikutofautiana hata tarakimu moja. Sikumkasirikia. Alichokifanya ni kutazama kwa makini kitu ambacho fundi hakukitazama.

Shimo hilo wakubwa pia wameliangukia. Mwaka 1995, Ian Goldberg na David Wagner, wanafunzi wa chuo kikuu pale Berkeley, Marekani, walionyesha kwamba kivinjari cha Netscape kilikuwa kikitengeneza funguo zake za siri kutokana na saa pamoja na namba mbili ambazo mfumo huzipa programu zake. Aliyeweza kukisia saa alibakiwa na kazi ndogo tu.

Hatua ya 3. Jua pa kuiba

Ruta yako, simu yako ya Android, seva ya benki na pengine ile laptopu ya mtumba uliyonunua tauni zina kitu kimoja ndani: kerneli ya Linux. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo, ile programu inayokaa kati ya maunzi na programu nyingine zote. Hakuna kinachogusa waya bila kupitia kwake. Tangu mwaka 1994, Theodore Ts'o alipoandika sehemu yake ya namba nasibu, kerneli ya Linux ina chungu chake. Humo inatupia kila kitu kisichotabirika inachokiona kwenye maunzi. Kazi ambayo ungejitesa nayo usiku kucha inafanywa sasa hivi, mezani kwako, bila malipo.

Itazame kwa macho yako. Fungua skrini ya amri, andika:

cat /proc/interrupts

Itatokea orodha. Kulia ni majina ya vifaa, katikati ni hesabu. Ngoja sekunde kumi, andika tena. Hesabu zimepanda. Kila moja iliyoongezeka ni intarapti, yaani kifaa kimegonga mlango wa prosesa na kusema, nina jambo. Kadi ya mtandao imepokea pakiti. Diski imemaliza kusoma. Umebonyeza herufi. Na kila mlango unapogongwa, kerneli inachungulia kihesabio cha prosesa na kuandika ni pigo la ngapi.

Sasa simama steji ya Donholm saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Matatu ya tauni inakuja, na dakika yake unaweza kuikisia. Hata muuza chai wa hapo atakuambia. Lakini niambie itasimama katika sehemu ipi ya milioni ya sekunde. Kuna mama ameichelewesha nyuma huko akitafuta chenji kwenye kibeti. Kuna makanga ameruka chini kabla gari halijatulia, akapiga bodi mara mbili badala ya moja. Kuna boda boda amekatiza. Dakika ni ya kila mtu. Mkia wa sekunde si wa mtu yeyote.

Prosesa ya gigahezi moja inapiga mapigo bilioni moja kwa sekunde. Intarapti ikiingia, tarakimu za mbele za kihesabio hazina siri yoyote, adui anazijua kama unavyoijua asubuhi. Za mkiani ndizo mali, nazo ndizo kerneli inazokusanya.

Hatua ya 4. Iba kwa mkono wa bahili

Wezi wengi huanguka hapa kwa sababu ya majivuno: wanaiba kidogo, wanajihesabia kingi. Kerneli haina majivuno. Jifunze kwake.

Kipimo cha mali hii ni biti. Biti moja ni sawa na kurusha sarafu moja ya haki mara moja. Kibodi ikigongwa, kerneli haijisifu kwamba imepata biti sitini kwa kuwa kihesabio kina tarakimu nyingi. Inapima pengo kati ya hodi hii na iliyotangulia. Halafu inapima tofauti kati ya mapengo. Halafu tofauti kati ya tofauti hizo. Inazitazama zote tatu, inachukua iliyo ndogo kabisa, na juu ya hapo imejiwekea mpaka wa biti 11 kwa tukio moja.

Rudi steji uone kwa nini. Matatu zikija kila baada ya dakika nne kamili, pengo ni 4, 4, 4. Tofauti ya mapengo ni sifuri. Kerneli inaandika sifuri: hakuna mali hapa. Aje dereva mjanja, achelewe dakika moja zaidi kila safari: 4, 5, 6, 7. Pengo linakua, unaweza kudhani kuna fujo. Tofauti ya mapengo ni 1, 1, 1. Tofauti ya tofauti ni sifuri. Sifuri tena. Napenda sana hesabu hii. Ni kama mama wa chama aliyewahi kuibiwa. Hakuna hadithi utakayompa ambayo hatakuuliza swali la tatu.

Kwa intarapti za kawaida ubahili umezidi. Ruta ikiwa na shughuli nyingi, mlango lazima ugongwe takriban mara 64 ndipo ihesabiwe biti moja. Kerneli haitangazi kwamba iko tayari mpaka imefikisha biti 256. Ikijihesabia pungufu, hasara yake ni kusubiri kidogo. Ikijihesabia zaidi, siri za watu ziko nje na hakuna atakayegundua mpaka kijana mwenye daftari atokee.

Na kama sarafu yako yenyewe imepinda? Hapa nina udanganyifu mtamu, wa mwanahisabati John von Neumann, wa mwaka 1951. Chukua bob ishirini, ile yenye ndovu, hata kama gari limeikanyaga ikawa inapenda upande mmoja. Irushe mara mbili. Ikija ndovu halafu nembo, andika 1. Ikija nembo halafu ndovu, andika 0. Pande zikifanana, usiandike kitu, rusha upya. Hata sarafu ikipenda ndovu mara tisa kwa kumi, ndovu-nembo na nembo-ndovu hutokea sawasawa, maana ni kuzidisha namba zilezile kwa kupishana. Utarusha mara nyingi, lakini utakachoandika ni cha haki. Kerneli ya leo haitumii mbinu hii, ina mashine kali zaidi ya kukamua, ila ukikwama kijijini bila kompyuta, unayo.

Hatua ya 5. Changanya, hata na usiyemwamini

Chama cha akina mama kumi na wawili pale Jericho wanataka kujua nani apokee pesa kwanza. Vikaratasi vinatiwa kwenye sufuria, mtu anafumba macho, anatoa. Sote tunajua ulaghai wake: mwenye sufuria amekikunja kikaratasi chake kona, kidole kinakitambua gizani.

Wape njia nyingine. Kila mmoja aandike namba kati ya 1 na 12 kwa siri, akunje karatasi. Zikishakuwa zote mezani, fungueni, jumlisheni, gawanyeni kwa 12, mtazame kinachobaki. Jumla ikiwa 79, kinabaki 7, mama wa namba 7 kwenye orodha ya chama anapokea. Kisipobaki kitu, ni zamu ya namba 12. Wanachama kumi na mmoja wanaweza kula njama usiku mzima. Mmoja tu akiandika kwa bahati ya kweli, na wenzake hawajaona karatasi yake, matokeo ni ya haki kwa wote.

Hivyo ndivyo chungu cha kerneli kinavyofanya kazi, na ndiyo maana kinaweza kula kwa watu wabaya bila kudhurika. Mwaka 2012 Intel ilianza kuuza prosesa zenye amri iitwayo RDRAND, inayotoa namba nasibu kutokana na mtikisiko wa joto ndani ya chipu yenyewe. Watu wakauliza: na kama mtengenezaji ameitega? Mwaka 2013, Edward Snowden alipotoa nyaraka za ujasusi wa Marekani, swali hilo liliwaka moto. Jibu la Linux lilikuwa la chama: alete namba yake, itupwe na za wenzake, ila asiachiwe kura peke yake.

Mwaka 2019 jibu hilo likalipa. Prosesa mpya za AMD, Ryzen 3000, zilitoka na kasoro: kila zilipoombwa namba kwa RDRAND, zilirudisha biti zote zikiwa 1. Kila mara. Programu zilizomtegemea mwanachama huyo mmoja zilivurugika, na baadhi ya mashine za Linux hazikuweza hata kuwaka mpaka marekebisho yalipotolewa. Waliokuwa wakinywa kwenye chungu cha kerneli walikuwa na wanachama wengine mezani.

Sharti ni moja tu: karatasi zikunjwe. Anayeziona za wenzake kabla ya kuandika yake ana kura yote mkononi. Katika kerneli, kukunja kunafanywa na hesabu ya kusaga: kila kinachoingia kinasagwa na kilichokuwamo, na unga haurudi kuwa mahindi. Tangu mwaka 2022, Jason Donenfeld alipolifanyia eneo hilo ukarabati mkubwa, kinu kinaitwa BLAKE2s. Kinachotoka kuja kwako kinapitia kinu kingine, ChaCha20, kilichowekwa mwaka 2016.

Hatua ya 6. Ngoja

Hii ndiyo hatua ambayo fundi mvivu anapaswa kuipenda, na ndiyo wanayoiruka karibu wote.

Ifikirie ruta inapowaka. Haina kibodi. Haina kipanya. Haina diski inayozunguka. Saa yake iko 1970. Chungu ni kitupu. Ya jirani, iliyotoka katoni moja na yako, iko hivyohivyo, kitu kwa kitu. Na katika sekunde hizo za mwanzo ndipo programu nyingine hukurupuka kutengeneza funguo za siri ambazo zitatumika miaka.

Mwaka 2012 watafiti wanne, Nadia Heninger, Zakir Durumeric, Eric Wustrow na J. Alex Halderman, waliipitia intaneti yote wakikusanya funguo za hadharani, mamilioni ya funguo. Kisha wakafanya hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi anaijua. Nikuonyeshe kwa namba ndogo. Ufunguo wa aina ya RSA ni zao la namba tasa mbili za siri. Wako ni 77, wa jirani ni 91. Kuvunja zao kama hilo peke yake kunakutoa jasho likiwa kubwa, la tarakimu mia tatu. Lakini ziweke zote mbili pamoja uulize: ni namba gani kubwa kabisa inayozigawa zote bila kubaki kitu? Ni 7. Basi 77 ni 7 mara 11, na 91 ni 7 mara 13. Siri zote mbili ziko wazi, na hukuvunja kitu. Uligawa tu. Hesabu hiyo hata ya tarakimu mia tatu kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua.

Kwa nini ruta mbili zishiriki 7? Kwa sababu ziliamka na chungu tupu, zikachagua namba tasa ya kwanza ileile. Halafu tukio moja dogo, pengine sekunde ya saa imegeuka, likazitenganisha kabla ya namba ya pili. Kwa njia hiyo walipata siri za vifaa karibu 64,000, nusu ya asilimia moja ya vyote walivyovikuta kwenye upande wa tovuti zilizosimbwa. Vingi vilikuwa ruta na vifaa vidogo kama hicho ulichokibeba kwenye begi.

Sasa kumbuka usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, stima ilipozimika karibu nchi nzima, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwamo. Mtaa wetu ulikuwa giza kutoka Outering Road hadi Kangundo Road. Laini ya stima inaporudi katika mtaa, hairudi kwa nyumba moja. Inarudi kwa mpigo, ghorofa kwa ghorofa, na ruta za ploti arobaini zinafumbua macho katika sekunde moja, zote zikiwa na chungu kitupu. Hiyo ndiyo hali watafiti wale waliyoieleza, na sisi tunaiishi mara kadhaa kwa mwezi.

Dawa yake ni kusubiri, na kerneli imekurahisishia. Tangu Linux 3.17 ya mwaka 2014 kuna mlango uitwao getrandom. Ukiuomba namba kabla biti hazijatimia, haukupi uongo. Unakusimamisha pale mlangoni mpaka chungu kijae, halafu unakupa, na baada ya hapo haukusimamishi tena. Mlango wa zamani, /dev/urandom, kwenye ruta zenye kerneli kuukuu hukupa chochote kilichopo hata kama ni makapi, bila kukuambia. Ukiwa na hiari, pita getrandom.

Kusubiri nako kuna visa vyake. Mwaka 2019 wasanidi wa Linux waliboresha namna mfumo wa mafaili wa ext4 unavyosoma diski, ikawa inasomwa mara chache zaidi wakati wa kuwaka. Kazi nzuri kabisa. Lakini diski ikigonga mlango mara chache, intarapti zinapungua, na kuna laptopu iliyokuwa ikitegemea hodi hizo kujaza chungu. Ikakwama njiani, skrini imesimama, programu ya kuingilia inasubiri namba ambazo hazijapatikana. Ilitaka mtu aguse tu kibodi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliliondoa lile boresho kwa muda, kisha katika Linux 5.4 akaipa kerneli njia ya kujisaidia: inatega saa ndogo, inazunguka pale pale ikisoma kihesabio, na kuokota mitikisiko ya prosesa yenyewe mpaka chungu kifike. Kwa kawaida hiyo ni sekunde moja hivi. Hata wewe unaweza kuvumilia sekunde moja.

Hatua ya 7. Usipige fotokopi ya mbegu

Ukishatengeneza kifaa kimoja kikafanya kazi, utatamani kuinakili memori kadi yake mara ishirini kwa ploti ishirini. Nakili, sikukatazi, mimi pia hunakili. Ila futa vitu viwili kwanza. Kimoja ni faili ya mbegu, ambayo kwenye mifumo mingi hukaa /var/lib/systemd/random-seed. Humo mashine huweka akiba ya nasibu ili chungu kisianze kitupu siku ya pili. Kwa mashine moja ni akiba. Kwa mashine ishirini ni daftari moja lililogawiwa watu ishirini. Cha pili ni funguo za SSH zilizokwisha kutengenezwa, zile ambazo mashine hujitambulishia kwa anayeingia kutoka mbali. Viache vyote vizaliwe upya, kila kimoja kwenye ploti yake.

Hatua ya 8. Chukua, kata, ondoka

Ukiandika kwa Python, moduli iitwayo random iache. Imetengenezwa kwa michezo na takwimu, na aliyeona namba 624 zilizofuatana kutoka kwake anaweza kukuambia ya 625. Tumia secrets, iliyoingia Python 3.6 mwaka 2016. Hiyo inachota moja kwa moja kwenye chungu cha kerneli.

Kuhusu sura ya vocha, tumia alama 32 kamili. Chukua herufi zote 26 na tarakimu 10, halafu toa O, I, 0 na 1. Hapo umepata faida mbili kwa mkupuo. Mpangaji hatabishana na keateka kama ile ni sifuri au O. Na baiti moja kutoka kwa kerneli ina nafasi 256, ambazo zinagawanyika kwa 32 bila kubaki kitu, nane nane. Ungetumia tarakimu 10 peke yake kwa kuchukua baki la kugawa, 0 hadi 5 zingetokea mara 26 kila 256, na 6 hadi 9 mara 25. Ni upendeleo mdogo, lakini ni upendeleo, na kuukwepa hakukugharimu kitu.

Alama nane zinatosha. Hiyo ni zaidi ya trilioni moja ya nafasi. Ongeza sharti kwamba atakayekosea mara tano angoje dakika kumi, na kijana wa ghorofa ya nne atarudi kusoma.

Stima ikirudi Umoja utaisikia kabla ya kuiona: watoto wa ploti zote wanapiga kelele kwa pamoja. Keateka atakuja mbio mlangoni na bob kumi za watu watatu mkononi, akitaka vocha sasa hivi. Mwambie, "Ngoja kidogo, mzee." Andika dmesg, utafute mstari unaosema crng init done. Kama haupo, acha mkono mezani, sikiliza makanga kule barabarani, andika amri tena. Mstari ukitokea, toa vocha tatu, mpe.